Kilo Nane za Aba Nebro

Zamani mwanamume wa Injibara, mji wa milimani, alikuwa mwepesi kwa sababu ya jembe, mlima na farasi, akafa bila kujua uzito wake. Siku hizi hupanda bajaji kwenda sokoni kununua viazi vile vile alivyolima baba yake, kisha hushangaa mkanda wa suruali umekuwa mfupi.

Shibabaw alikuwa mmoja wa hao. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, duka la viazi na mkaa, na kitambi kilichomtangulia mlangoni. Lakini alikuwa pia na Nebro, farasi mwekundu mwenye paji jeupe, mdogo wa umbo kama farasi wote wa milimani. Kwa hiyo wachache tu walimwita Shibabaw. Mkewe Enanu, wateja wake, hata padri, wote walimwita Aba Nebro, kwa jina la farasi wake, kama walivyoitwa wapanda farasi wa enzi za babu zake.

Katika sikukuu ya wapanda farasi, mwezi wa Tir, wiki tatu baada ya Krismasi, Nebro alipiga magoti chini ya uzito wa Shibabaw mbele ya umati mzima. Mzee Baye, kiongozi wa kikosi cha farasi, alinyamaza siku ile. Alinyamaza miezi kumi. Siku ulipoanza Mfungo wa Krismasi alimkuta Shibabaw sokoni, akamwelekeza kwenye mizani ya magunia.

"Panda hapo."

Shibabaw akapanda. Kilo tisini na mbili.

"Themanini na tano," Baye akasema. "Ukizidi hapo mkesha wa sikukuu ya farasi, Nebro atapandwa na Yeshambel."

"Na jina langu?"

"Aba Nebro ni yule anayempanda Nebro uwanjani. Mimi sikulitunga jambo hili."

Yeshambel, dereva wa bajaji, mwembamba kama ufito, alikuwa ameegemea gari lake pale pale. "Usihofu, Gashe," akasema, akimwita kaka mkubwa kwa adabu ya kejeli. "Nitamtunza. Na wewe nikikukuta njiani nitakupakia bure. Ila utakaa katikati, tusije tukalala ubavu."

Soko zima likacheka. Shibabaw naye akacheka, maana hakuona pa kuhofia. Mfungo si huu hapa? Siku arobaini na tatu bila nyama, bila maziwa, bila siagi wala yai, na hakuna kutia kitu kinywani mpaka saa tisa alasiri. Na juu ya mfungo akaongeza mazoezi: kila alfajiri alitembea mpaka ziwa la Zengena na kurudi, kilomita kumi na mbili, fimbo begani. Mbwa wa njiani wakamzoea. Usiku alilala kama gogo, na moyoni alikwisha kujiona yuko juu ya tandiko.

Siku ya ishirini akarudi kwenye mizani kwa mbwembwe. Kilo tisini na tatu.

"Mizani hii mbovu," akasema.

"Ndiyo hiyo hiyo uliyonipimia viazi mwaka jana," akajibu mwenye mizani. "Mbona hukuona ubovu wake?"

Akarudi nyumbani amenuna. Enanu akaweka chupa tupu mezani mbele yake.

"Chupa hii ya mafuta ilikuwa inatutosha wiki tatu," akasema. "Mfungo huu imekwisha kwa siku tano. Nyumba hii ina watu wawili, Aba Nebro, na mimi sinywi mafuta."

"Hayo ni mafuta ya mbegu. Yanaruhusiwa."

"Kanisa limeyaruhusu. Suruali yako je?"

Akamshika mkono mpaka zahanati, kwa Sista Tiruye, mwuguzi aliyemzalisha kila mwanamke wa mtaa ule. Sista akamtaka ataje anachokula ikifika saa tisa. Shibabaw akataja kwa fahari: mikate mitatu mipana ya injera, mchuzi wa unga wa dengu unaoelea mafuta, viazi vya kukaanga, mkate wa mfungo, shayiri ya kukaanga ya kutafuna, na bia ya nyumbani bilauri nne, kwa kuwa shayiri nayo si nyama.

Sista akaandika, akajumlisha, kisha akachukua kijiko cha chakula.

"Zengena kwenda na kurudi," akasema, "ni vijiko sita vya mafuta. Basi. Vijiko sita tu ndivyo unavyochoma. Ukifika nyumbani unarudisha kumi kwenye sahani moja, hapo sijagusa bia."

"Kwa hiyo nimetembea bure?"

"Nani kasema bure? Anayelala njaa bila kutembea hupoteza mapaja pamoja na kitambi, na wewe utambana farasi kwa kitu gani? Kwa masikio? Miguu iendelee. Mkono ndio upunguze."

Mama zetu walitia mafuta chunguni kwa ncha ya kijiko, wakalifunika bakuli lake kama la dawa. Yalipokuja madumu ya manjano, kila mtu akawa anamimina kama anaosha miguu, na hakuna aliyeuliza. Enanu akarudi kwenye desturi ya mama yake: mafuta kikombe kimoja kidogo cha kahawa kwa siku, kwa watu wawili. Injera moja na nusu. Kabichi, dengu, maharage. Bia Jumapili tu, bilauri moja.

Siku tatu za kwanza Shibabaw aligombana na kila mtu, hata na ng'ombe wa jirani. Wiki ya kwanza, tisini na moja na nusu. Ya pili, tisini. Alipokuwa akipanda mlima wa Zengena sasa alisikia pumzi yake mwenyewe, ikawa nyepesi, akaanza kukimbia sehemu za tambarare, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, huku akicheka peke yake.

Hatari ilikuwa Krismasi yenyewe. Mchuzi wa kuku umekuja, siagi inang'aa, shemeji wote wamezunguka sinia moja. Na kwetu jamaa akikulisha tonge kwa mkono wake, kulikataa ni kumtukana. Utahesabuje chakula kinachotiwa kinywani mwako na watu wengine? Shibabaw akapokea tonge la mama mkwe. Kisha kabla mwingine hajanyanyua mkono, yeye akaanza kulisha: shemeji, mtoto wa shemeji, jirani, mama mkwe mara tatu.

"Mkwe wangu leo ana mapenzi," mama mkwe akasema, mashavu yamejaa.

"Ana mizani," akasema Enanu.

Mkesha wa sikukuu ya farasi soko likafurika. Baye akapanga mawe ya mizani upande mmoja: manne ya kilo ishirini, na moja la kilo tano. Shibabaw akavua shuka, akavua viatu, akapanda upande wa pili.

"Mkague mdomoni," Yeshambel akapiga kelele. "Huenda ameficha kuku."

Mti wa mizani ukayumba. Ukapanda, ukashuka, ukasimama sawa, watu wakashika pumzi. Kisha upande wa mawe ukazama taratibu mpaka ukagonga chini.

Baye akatoa jiwe la kilo tano, akaweka la kilo nne. Sawasawa. Themanini na nne.

"Tandika farasi wako, Aba Nebro," akasema, na soko likalipuka kwa vigelegele. Yeshambel ndiye aliyembebea viatu mpaka nyumbani.

Kesho yake Nebro aliruka kama amefunguliwa minyororo. Katika mchezo wa kukimbizana, watatu walimfuata wakirusha fimbo. Shibabaw akalala juu ya shingo ya farasi, ngao mgongoni, mapaja yamebana, fimbo zote zikapita hewani. Akageuka, akawa yeye mkimbizaji, umati ukiliita jina lake mpaka likapotea katika vumbi na vishindo vya kwato.

Masika yaliyofuata Baye alifariki, na kumi na mmoja wa kikosi wakauza farasi wao wakanunua bajaji. Lakini jioni ile ya sikukuu walikuwa bado arobaini. Shibabaw alisimama ukingoni mwa uwanja, mkono juu ya shingo ya Nebro iliyolowa jasho, akawatazama wakishuka wawili wawili kwenye barabara ya vijijini, wakibishana nani alikwepa fimbo ya nani, Baye nyuma ya wote, miguu imetoka kwenye vikuku vya tandiko ikining'inia. Ndivyo alivyowaona wote pamoja mara ya mwisho.