Nimekosa staha kwenye mkutano wa kazi za staha

Leo nimezuiwa kuingia kwenye mkutano wa kazi za staha kwa sababu sikuvaa kwa staha.

Rudia kusoma. Na mimi nilirudia kusikia.

Tangazo lilituita vijana Mbinga mjini, tulete mawazo kuhusu haki na kazi za staha, yaani kazi isiyomuumiza mtu wala kumdhalilisha. Nikasema hili ni langu kabisa. Nikatoka kijijini kwetu Namswea moja kwa moja kutoka kwenye mashine ya kumenya kahawa, na gambuti zangu, suruali ina madoa, vidole vimechubuka.

Wazo langu lilikuwa moja tu. Tunaomenya kahawa tupewe glovu.

Mlangoni kuna mama wa mapokezi. Nikamwamkia, shikamoo mama.

"Marahaba mwanangu. Humu tunaongelea staha. Sasa msichana na suruali hiyo?"

Nikamwambia mama, hizi ndizo nguo za kazi yenyewe.

"Basi tafuta hata kanga ujifunge."

Nikazunguka nje, mama ntilie mmoja akaniazima ya kwake. Narudi, watu wanakunywa chai. Mawazo yameshakusanywa.

Nikamwomba katibu anisomee waliyoandika, angalau nijue. Kaka wa watu akafungua daftari bila hata aibu:

"La kwanza, vijana wahimizwe kuvaa kwa staha."

Jamani, hapo ungesema nini?

Kanga ya watu nimeirudisha. Kesho namenya kahawa kwa vidole hivi hivi.