Jumamosi Bila Biskuti

Mtu wa tanuri kiwandani alizoea kuwasikia watoto wake kabla hajawaona. Kila Jumamosi mchana, akikata kona penye duka la vipuri vya baiskeli, alisikia kwanza geti la bati likipigizwa ukutani, kisha miguu, kisha kitinda mimba wake akimlilia dada yake asimpite. Walimfikia karibu na nguzo ya umeme. Mdogo alikumbatia goti, mkubwa alichukua mfuko. Kutoka hapo hadi mlangoni baba alitembea kama mtu aliyerudi kutoka ng'ambo, ingawa kiwanda kiko karibu kiasi kwamba king'ora chake kinasikika jikoni kwake.

Ndani ya mfuko kulikuwa na biskuti zilizovunjika.

Pale kiwandani biskuti iliyovunjika haiuzwi wala haitupwi. Inaangukia kwenye ndoo mwisho wa mkanda, na Jumamosi zamu ikiisha msimamizi anawagawia wafanyakazi kwa kikombe cha plastiki. Wenyewe wanaziita makombo, japo nyingi ni biskuti nzima iliyokatika ncha tu. Hakuna anayeulizwa kama anataka. Unanyoosha mfuko, unajaziwa.

Yeye, mtu wa tanuri, husimama pale biskuti zinapotoka motoni na kuangalia rangi. Zikipauka anaongeza moto, zikianza kuiva kupita kiasi anapunguza. Siku za katikati ya wiki zamu yake huanza watoto wakiwa bado shuleni na kwisha wakiwa wamelala. Asubuhi wakiondoka, amelala yeye. Wanaonana kila siku, mmoja macho, mwingine usingizini. Jumamosi ndiyo siku ya kwanza katika wiki ambayo wote wako macho kwa pamoja.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya jino. Kitinda mimba alikesha akilia, na baba na mama wakampeleka zahanati. Jino liling'olewa bila vita, lakini muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, hakuishia hapo. Alimpima uzito, akampima damu, akakaa akitazama majibu.

"Huyu anakula nini?"

"Anakula tunachokula sisi," mama alijibu.

"Na nyinyi mnakula nini?"

Mama alimtazama mumewe. Mtoto ndiye aliyejibu, pamba ikiwa mdomoni, tena kwa fahari. "Biskuti. Baba ndiye anazitengeneza."

"Nimeshasikia harufu tangu mlipoingia," alisema muuguzi. Kisha akawaeleza taratibu. Sukari ya mtoto haijawa ugonjwa, ila imeshika njia ya huko, na uzito wake umekimbia umri. Inaweza kurudi. Dawa yake haiko kwenye kabati la zahanati, iko jikoni kwao: maharage, mboga za majani, matunda, maji badala ya soda. Na hizo biskuti zikome.

Usiku huo mama alitoa chupa za soda chini ya meza. Akamgeukia mumewe.

"Jumamosi usilete."

"Hata kidogo?"

"Kidogo cha makombo unakijua wewe? Mfuko unajaa hadi haufungiki."

"Sasa watakuja kunipokea kwa lipi?" Alisema kama mtu anayetania. Mkewe hakucheka.

"Wewe ni baba yao, siyo gari la mizigo."

Jumamosi hiyo, kwenye foleni ya makombo, aliweka mikono nyuma. Msimamizi alibaki na kikombe hewani.

"Mzee, umegombana na biskuti?"

"Tumeachana kwa amani."

"Mwacheni shemeji," alidakia mama mmoja wa kufunga maboksi. "Ameanza kujipenda. Fungu lake leteni huku, mimi bado sijajipenda."

Njiani alinunua karoti na machungwa. Hakuwa na cha kubebea ila ule ule mfuko wa siku zote, akavitia humo. Kosa kama hilo huwezi kulifanya mpaka uwe umefanya kazi kiwandani muda mrefu. Mfuko ulikuwa umeshiba vanila na sukari mpaka kwenye mishono, na pua yake ilishaacha kuisikia harufu hiyo zamani sana.

Watoto walikuja mbio kama kawaida. Mdogo alitumbukiza mkono, akatoa karoti, akaichungulia, akatumbukiza tena.

"Ziko chini?"

"Hakuna cha chini. Ni karoti, baba. Onja, tamu."

Mtoto aliing'ata. Punje za sukari zilikuwa zimeshika kwenye ganda. Akatafuna, akasita, uso ukakunjamana. "Inanukia biskuti halafu siyo biskuti."

"Umetudanganya," alisema dada yake. Hakufoka. Alimrudishia mfuko mkononi, akamshika mdogo wake, wakatangulia. Baba akaubeba mwenyewe hadi nyumbani.

Mfuko ukatupwa. Jumamosi iliyofuata alibeba kikapu kipya, safi, chenye ndizi. Safari hii mdogo hakuangalia hata kikapu. Alianza kumpekua baba mifukoni, kwanza shati, kisha suruali.

"Unanukia. Umezificha wapi?"

Ndipo akaanza kuoga kazini. Kabla ya kutoka alijisugua kwenye bomba la nyuma kwa sabuni ya kufulia, akavaa shati lililokuja limekunjwa kwenye karatasi. Wenzake walimuuliza anakwenda kuoa wapi. Alitembea hadi duka la vipuri akiwa msafi kama sahani, akakata kona.

Kimya. Geti la bati lilikuwa limefungwa.

Alifika kwenye nguzo ya umeme, akainama, akafungua kamba za kiatu na kuzifunga upya. Aliinama muda mrefu kuliko kiatu kilivyohitaji. Ng'ambo ya ukuta alisikia mpira ukidundadunda na sauti za watoto wake wawili wakibishana nani alianza. Alipoingia, mkubwa alimwamkia, "Shikamoo baba." Mdogo akasema, "Umerudi." Kisha mchezo ukaendelea.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wiki kadhaa. Jikoni mambo yalikwenda vizuri. Mdogo alinuna mbele ya sahani ya mboga, akazoea, akaanza kuongeza maharage mwenyewe. Suruali ya shule ikalegea kiunoni, na zahanati muuguzi aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Mama alikuwa na kila sababu ya kufurahi, na alifurahi. Baba pia alisema anafurahi. Lakini kila Jumamosi, kwenye ile kona, alipunguza mwendo akitega sikio.

Siku moja alishindwa. Foleni ilipofika kwake alinyoosha mfuko mwingine.

"Mmerudiana?" msimamizi aliuliza akimimina.

Aliupima mkononi. Mfuko ulikuwa na uzito ule ule anaoujua, na akiutikisa ulitoa mlio ule ule. Alijua jinsi Jumamosi hiyo ingekuwa. Angetembea bila kuoga, wangemnusa tangu getini, wangekuja. Alifika kwenye lango la kiwanda, akakumbuka mtoto akiwa na pamba mdomoni, akijibu kwa fahari. Akamkabidhi mlinzi mfuko wote.

"Nilisikia wewe umeacha," alisema mlinzi.

"Nimeacha," alisema, akarudi ndani kuoga.

Siku hiyo matunda yalikuwa yamekwisha kwa mwuzaji wa njiani isipokuwa papai moja kubwa, lisiloingia kwenye kikapu. Alilibeba kwapani. Geti lilikuwa limefungwa kama kawaida. Jikoni mkewe alikuwa ametandaza mboga kila mahali, akamwambia asimsumbue, akampa kisu na sinia. Baba akaketi kwenye ngazi ya mlango na kulipasua papai katikati.

Mdogo aliacha mpira kuja kuangalia mbegu. "Mbona nyingi hivi?"

"Hesabu wewe, mimi nakata."

Alimpa kipande. Mtoto alikila akiwa amesimama, maji yakimtiririka hadi kwenye kiwiko, akaomba kingine. Ikabidi angoje, kwa kuwa kingine kilikuwa bado hakijamenywa. Akaketi. Biskuti mtoto alikuwa akizichota kwa viganja na kutokomea nazo. Papai halichotwi. Lazima akae mtu na kisu, na mwingine akae ubavuni mwake.

Akingoja, alizungumza. Alisema jino jipya limeanza kuchomoza. Alisema mwalimu amemhamishia nyuma darasani kwa kuongea, na kwamba kutoka huko haoni vizuri herufi za ubaoni. Baba hakuwa akijua lolote kati ya hayo. Aliuliza tangu lini. "Tangu zamani," alisema mtoto, akanyoosha mkono kudai kipande.

Cha tatu baba alikikata chembamba, papai lisiishe upesi.

Mkubwa alikuwa ameegemea geti, mgongo kwenye bati, akitafuna kitu alichokitoa mfukoni, kitu cha karatasi ya kung'aa kutoka kibanda cha shuleni. Baba aliiona karatasi, akaamua kutoiona.

"Na wewe njoo."

"Sitaki kukaa."

"Nikukatie?"

Alitazama pembeni. "Kata. Lakini nakula hapa hapa."

Hapa hapa palikuwa upande wa pili wa ua. Zamani msichana huyu alikuwa wa kwanza kufika kwenye nguzo ya umeme. Miguu yake ndiyo baba aliyoitambua mapema kuliko yote. Alimenya kipande kirefu, akatoa mbegu zote, akakiweka kwenye kiganja ili kisidondoke. Kisha akainuka, magoti yakilia, akampelekea.