Mbele ya Wanaume

Mimi nilivunja ungo wakati mbaya. Ningeulizwa, ningechagua mwezi mwingine, lakini mambo hayo hayaulizi mtu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nipo darasa la saba hapa Bagamoyo, na mtihani wa kwenda sekondari umebakiza wiki chache tu. Bibi yangu alinikuta uani nafua nguo kwa kificho. Alinishika mkono, akaniingiza chumba cha ndani, akashusha pazia. Basi, nikawa mwali.

Wenzangu wa mwambao hawahitaji kuelezwa, lakini wajukuu wangu siku hizi wananiuliza kama nasimulia habari za wafungwa, kwa hiyo naeleza. Mwali hatoki. Haendi sokoni, haendi shule, haonwi na mwanamume. Anakaa mkekani, anasingwa mwili mzima kwa liwa la kunukia, analishwa mpaka mashavu yajae, na anafundwa na somo yake, yaani mwanamke mtu mzima aliyechaguliwa kumfunza mambo ya kikubwa. Siku ya kutolewa nje hupigwa ngoma, na mara nyingi mchumba huwa yupo anasubiri. Wangu alikuwapo. Watu wa Pangani, wenye duka la nguo, walikuwa wameshaleta posa kabla mimi sijajua kama kuna mtu ananitazama. Wazazi wangu walikuwa Kiwangwa na mananasi yao; mimi nililelewa mjini na bibi, na neno la bibi ndilo lililokuwa neno.

Sasa hebu fikiri. Nisipofanya mtihani, sekondari hakuna. Sekondari isipokuwapo, Pangani ipo. Huyo mchumba sikuwahi kumwona hata kisigino, na nilikuwa nataka kusoma, nataka kweli, kwa hamu na kwa ubishi pia, maana nilikuwa nawashinda wavulana kwa hesabu na nilipenda sana kuwaona wamenuna. Nililia mpaka somo yangu akaniambia, "Wee mtoto, punguza machozi, liwa lote linakutiririka."

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke kijana kutoka Bukoba. Alipanda baiskeli, jambo ambalo mtaani kwetu lilizungumzwa kutwa kucha, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kimenyooka kama kimepigwa pasi. Tangu alipofika alikuwa na vita moja: shuleni kwetu wasichana walikaa madawati ya nyuma, na yeye hataki. "Shule ya serikali haina mtoto wa nyuma kwa sababu ni wa kike," alikuwa akisema. Sasa alipoita majina asubuhi ile na mimi sikuitika, akamwuliza shoga yangu niko wapi. Haya nilisimuliwa na shoga mwenyewe, na kila akisimulia alishika mbavu.

"Amewekwa ndani, mwalimu."

Kwetu maneno hayo yana maana moja, na kila mtu anaijua. Kwa mwalimu yalikuwa na maana ya polisi na kufuli.

"Amewekwa ndani! Kafanya nini?"

Shoga yangu akaona haya, wavulana wote wametega masikio. "Kavunja..."

"Kavunja nini? Sema!"

"Ungo, mwalimu."

Masikini, mwalimu hakungoja zaidi. Alipanda baiskeli yake moja kwa moja hadi kituo cha polisi, akamkabili koplo aliyekuwa zamu. Mtoto wa shule, tena msichana, anafungwaje kwa ajili ya ungo? Ungo si kitu cha kupepetea mchele tu? Atoe huo ungo uliovunjika auone, yeye atanunua mwingine! Koplo alikuwa mtu wa kwetu, mzaliwa wa papa hapa. Wanasema alicheka mpaka kofia ikamdondoka, kisha akatoka nje ili apumue. Aliporudi akamweleza kwa adabu, huku anatazama ukutani. Mwingine angekufa kwa aibu akajifungia nyumbani. Mwalimu wangu alipanda tena baiskeli, akaja kwetu.

"Hodi!"

"Karibu," bibi akajibu, akaiona baiskeli, akajuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto haji shule. Nisikupotezee muda."

Mimi nipo nyuma ya pazia, sikio limenisimama. Mwalimu akaanza habari za mtihani. Bibi akamwambia asiwe na wasiwasi, mtoto hakukaa bure, somo yake anamfundisha humo humo ndani kila siku.

"Vizuri sana!" mwalimu akafurahi. "Ila tunasema somo *lake*, bibi. Ni somo gani, hesabu?"

Eti anamsahihisha bibi yangu Kiswahili! Bibi, aliyezaliwa nacho, aliyewahi kumtimua muuza samaki kwa kusema vibaya jina la samaki changu!

"Somo *yake*," bibi akasema polepole. "Ni mtu huyo, mwanangu, si kitabu. Na hayo anayomfundisha, wewe mwenyewe yangekufaa."

Mwalimu aliondoka, lakini alirudi kesho yake. Akarudi na kesho kutwa. Kila jioni kengele ya baiskeli inalia mlangoni, kila jioni majirani wanatoka kutazama, na bibi alikuwa haogopi kitu duniani ila majirani waliotoka kutazama. Mwisho akaona heri alete mwenye elimu ya dini amalize ubishi. Akamwita maalim wa madrasa yetu, mzee mpole mwenye kikohozi, aliyenifundisha juzuu. Wote watatu wakaketi ukumbini, mimi na somo yangu tumekaa nyuma ya pazia tunabanana kama dagaa.

"Mwacha mila ni mtumwa," bibi akafungua baraza.

"Kweli," maalim akasema. "Lakini kumweka mwali ni mila, bibi. Dini inataka stara. Na elimu imefaradhishwa kwa Mwislamu, awe mume au mke. Akienda kasitirika, sioni kosa hapo."

Hapo ikaanza biashara. Bibi anataka niingie na buibui. Mwalimu akasema mwalimu mkuu hatakubali, sare ni moja kwa wote, bluu na nyeupe. Walivutana, wakaafikiana: buibui mpaka mlangoni, ndani nifunge kitambaa cheupe kichwani, na sketi iongezwe pindo mpaka kifundo cha mguu. Mwalimu alivuta pumzi kwa uchungu lakini akakubali. Nikajua nimepona. Kumbe bado dawati.

"Atakaa nyuma kabisa, pembeni," bibi akasema.

"Hapana," mwalimu akasema. "Kitambaa nimekubali, pindo nimekubali. Nyuma, hapana. Nimepigana mwaka mzima."

"Hata msikitini wanawake hukaa nyuma!"

"Shule si msikiti, bibi."

"Basi haendi!"

Maalim akakohoa. Nilisikia mwalimu akiokota mkoba wake. Mwali hapazi sauti mbele ya wageni, tena mgeni mwanamume, hilo somo yangu alikwisha nifunza na kunifinya juu yake. Lakini nilipaza.

"Bibi! Nikikaa nyuma, wavulana watageuka wanitazame! Nikikaa mbele kabisa wataniona kisogo!"

Somo yangu alinifinya paja mpaka nikaona nyota.

"Nyamaza wewe! Mwali gani una mdomo hivyo!" bibi akafoka. Kisha akashusha sauti. "Maalim, umesikia?"

"Nimesikia," maalim akasema, na nadhani alikuwa anacheka. "Kisogo chenyewe kina kitambaa."

Basi ikawa hivyo. Mwalimu alimpata mtoto wa kike wa kukaa dawati la mbele, bibi alipata uso usioonwa na mtu, na kila mmoja aliamini kamshinda mwenzake.

Siku ya mtihani nilivikwa buibui gubigubi, nikapelekwa shule alfajiri kwa njia ya uchochoroni, somo yangu ubavuni. Alitaka kuingia nami darasani. Msimamizi wa mtihani, mwanamume mnene aliyetoka wilayani, akasema haingii mtu asiyetahiniwa. Somo yangu hakubisha. Akaenda kusimama dirishani, upande wa mbele. Hapo ndipo tulipogundua tulichosahau sote: wavulana wote wako nyuma yangu, sawa, lakini msimamizi husimama mbele! Kila yule bwana alipojongea kwenye meza yake, somo yangu dirishani alijikohoza, khoo! Akisogea hatua moja, khoo! Masikini hakujua amemkosea nini mama yule. Mwishowe akahamia nyuma ya darasa, akasimamia kutoka huko mpaka saa zikaisha, amewasimamia wavulana migongoni. Wavulana waliokuwa wamepanga kutazamiana hawajanisamehe mpaka leo. Mimi huku mbele nilikuwa peke yangu na ubao na karatasi, na maswali ya hesabu yalikuwa mepesi. Nilifurahi! Wallahi nilitamani mtihani usiishe.

Nilirudi mkekani. Siku zikapita, liwa na kufundwa na kula. Ngoma ya kunitoa ikawa imekaribia, nguo za harusi zinashonwa, na kutoka shule hakuna habari. Nikaanza kuizoea Pangani moyoni, kama mtu anavyozoea dawa chungu.

Asubuhi moja akaja mwanamke wa Pangani, shangazi wa mchumba. Akakaribishwa, akanywa kahawa, akauliza hali ya kila mtu na ya mbuzi, kisha akaweka kikombe.

"Tumesikia neno, bibi. Wavulana wamelisema, limesafiri, limetufikia. Wanasema mwali wenu alikaa mbele ya wanaume."

Nyuma ya pazia somo yangu akaniziba mdomo kwa kiganja. Maana lilikuwa kweli tupu! Nilikaa mbele ya wanaume. Dawati la kwanza, wao wote nyuma. Lakini neno hilo lilipofika Pangani lilikuwa limegeuka, nimekuwa msichana aliyeanika uso wake kwa watu. Bibi angeweza kumweleza. Angechora hata chini kwa kijiti, hapa dawati, hapa wavulana. Nilimngoja aeleze. Nilimsikia anacheka, kile kicheko chake cha ubaya.

"Ndiyo," akasema. "Alikaa mbele ya wanaume. Na wote walikuwa nyuma yake, na hata majibu yakija watakuwa nyuma yake. Chukueni posa yenu. Mimi sina mjukuu wa kutiwa midomoni Pangani."

Majibu yalipokuja nilikuwa nimefaulu. Bibi aliwapitia majirani wote kuwaambia, nyumba kwa nyumba, akihakikisha kila mmoja anajua jamaa wa Pangani wamekosa nini. Nguo za harusi alizirefusha pindo, nikaenda nazo bwenini. Mwalimu wangu alinisindikiza mpaka kwenye basi akisukuma baiskeli, macho yamemwiva, na kusema kweli nami nililia.

Miaka mingi baadaye, mimi mwenyewe nikiwa nafundisha, nilikuja likizo nikamkuta bibi amechakaa, analala mchana. Nikakaa naye kitandani tukawa tunakumbuka yale ya kikohozi na dirisha, tunacheka. Nikamwuliza nilichokuwa sijawahi kumwuliza, kwa utani tu, maana jibu nilidhani nalijua.

"Bibi, na kama wale wa Pangani wasingesema lile neno?"

"Ningekuoza," akasema, wala hakufikiri.

"Na kufaulu kwangu?"

"Kufaulu ndiyo nini? Mtihani nilikuacha ufanye ili yule mwenye baiskeli aniondokee mlangoni. Nguo zilikuwa zimeshashonwa, mwanangu."

Akanipapasa mkono, akanitaka nimsogezee mto. Nikamsogezea. Nilimpenda bibi yangu kuliko mtu yeyote duniani, na mchana ule, nimekaa naye kitandani, nilimwogopa.