Toleo la Baba

Nichekeni taratibu. Miaka ile kompyuta bado zinafunikwa vitambaa vya kufuma kama redio za sebuleni, nilikuwa naandika programu ya mizani katika kiwanda cha sangara hapa Mwanza. Kila tulipoibadilisha, mashine ilihifadhi toleo jipya, na matoleo ya zamani yalibaki; ukiyataka, unayarudisha.

Jumatatu moja nikafungua kazi yangu ya mwezi mzima, haipo. Nikalaumu umeme. Kisha nikamlaumu Bhoke, mwenzangu kwenye mashine hiyo, tena kwa sauti, mpaka meneja akatoka ofisini na wapima samaki wakaja na mabuti yao kuchungulia.

Bhoke alivuta kiti, akatazama.

"Matoleo yote yapo, kaka. Ila Jumamosi kuna mtu amerudisha la kwanza kabisa, ndilo hili unalolitazama."

"Nani huyo?" nikauliza kwa ukali.

"Ngoja tuliendeshe, tuone."

Hapo ndipo nikakumbuka. Jumamosi baba alikuja kutoka Misungwi kuona mwanawe anafanya kazi gani, nami nikamfungulia toleo nililoliandika nikiwa najifunza, nikimfikiria yeye. Alivua kofia ndipo akasoma.

Nikanyoosha mkono kumzuia Bhoke, nimechelewa. Kioo kikajaa maandishi makubwa: SHIKAMOO BABA. HII NDIYO KAZI YANGU.

Meneja, aliyekuwa ameinama begani kwangu, akakohoa kidogo.

"Marahaba, mwanangu."