Shati Lililokosa Kifungo

"Yaani umelitupa kwa sababu ya kifungo! Kifungo kimoja, wifi? Jamani!"

Fundi cherehani, ambaye mtaa mzima humwita Mama Kiraka, alikuwa ameinamia mfuko wa taka mlangoni kwa mjane wa kaka yake. Akachomoa shati la marehemu. Nje gari la taka lilishaanza kupiga honi.

"Wifi, na wewe umezidi! Nguo kuukuu ile."

"Kuukuu? Kola niliigeuza mimi, upande uliolika nikauficha chini. Akalivaa miaka sita tena, na wewe hukujua."

Mjane akasogea kuitazama ile kola.

Huyu Mama Kiraka anaishi chumba kimoja: kitanda, cherehani na kopo la vifungo. Ndugu zake humcheka kuwa hata godoro lake lina viraka. Ni kweli, na analala usingizi wa pono.

Akatoa sindano na kifungo kwenye mkoba, akashona palepale amesimama, machozi yakimdondokea mikononi. Mjane akalipokea shati, akalinusa, akakaa chini akalia. Gari likaondoka bila lile shati.

Na wewe unayesoma, fungua kabati lako. Toa ile nguo uliyotaka kuitupa, uishone leo!