Papai la Bibi la Kufuturia

Juzi nilimkatia mke wangu papai, maana alikuwa na choo kigumu, na harufu ya papai ikanirudisha utotoni, kijijini Milola, mchana mmoja wa Ramadhani. Mama alikuwa amemwekea bibi papai la kufuturia, kwa kuwa hakupata choo siku tatu. Mimi, niliyejigamba kwamba nimefunga, nikalila lote nyuma ya jiko.

“Nani kala mchana huu?” mama alifoka.

Bibi alinitazama mdomoni. “Mimi, mwanangu,” akamjibu mama. “Njaa ilinishinda.”

“Mama! Na utu uzima huo?”

Nilidhani uzee umemchanganya, nikacheka. Labda papai lisingemsaidia, sijui. Ila alasiri nilimsikia chooni akiguna kwa maumivu. Bibi alifariki mama bado akimtania kwa papai lile, nami sikuwahi kukiri.