Lango Lilifungwa kwa Nje

Asubuhi ya mwisho ya amani nilianika mashuka juu ya paa, na Mueni, juu ya paa la nyumba ya pili, akaanika ya kwao. Ndivyo tulivyoonana kila siku. Mimi ni wa Kathiani, yeye alikuwa wa Ekalakala, na ilibidi tuvuke bahari ndipo tujuane. Matajiri wetu, wenye nyumba tulizofanyia kazi, walitukataza kutembeleana. Hakuna aliyekumbuka kutukataza kuanika nguo saa moja, kwa hivyo tuliongea Kikamba, kichochoro kikiwa kati yetu, mikono ikifanya kazi.

Sitalitaja jina la kisiwa kile, kwa sababu wasichana wetu bado wako huko. Nitasema tu kwamba ni nchi ndogo yenye mafuta chini ya mchanga na gesi chini ya bahari. Ng'ambo ya daraja refu kuna jirani mkubwa aliye rafiki yao. Upande wa pili, ng'ambo ya maji, kuna jirani mkubwa aliye adui. Na bandarini zilikaa meli za kivita za rafiki mwingine, wa mbali kabisa, aliyealikwa kulinda nchi. Kutoka paani tuliziona, kijivu, zimejipanga karibu na kiwanda cha kusafishia mafuta.

"Sasa hizi meli zinalinda nani?" nilimuuliza Mueni asubuhi ile.

"Si wewe," alisema akicheka. "Wewe uko na mafuta?"

Adhuhuri ving'ora vililia. Kombora la kwanza lilianguka bandarini. Vioo vya jikoni vilitetemeka, kisha moshi mweusi ukapanda. Tajiri wangu, Mama Yusuf, aliwakusanya watoto chini ya ngazi na kuwafunika kwa mwili wake. Sitasema hakuwa na moyo. Nilimwona akiwaombea. Mimi nilisimama mlangoni, nikingoja kuambiwa nijifiche wapi.

Siku ya tatu walipakia magari. Wale wa nyumba ya Mueni walipakia pia. Wote walikuwa wanavuka daraja kwenda kwa yule jirani rafiki.

"Na mimi, Mama?" niliuliza.

"Wewe kaa. Nyumba haiwezi kuachwa bila mtu."

"Basi nipe pasipoti yangu."

"Iko salama," alisema. "Niko nayo kwa mkoba."

Nikasikia mnyororo ukizungushwa kwenye lango. Kisha nikasikia mnyororo wa nyumba ya pili. Kwa nje, malango yote mawili. Hadi leo nikisikia watu wakisema walitusahau, damu inachemka. Mtu aliyesahau kitu hafungi kufuli.

Tulibaki mimi na Mueni na paa zetu. Wakati wa mapigo tulikaa chini, kila mtu jikoni kwake, tukiongea kwa simu hadi kishindo kipite. Mueni aliniambia jinsi ya kupika wali kwa maji kidogo, maana mabomba yalikuwa yamekauka. Aliimba nyimbo za kwaya ya kanisa lao, vibaya, makusudi, ili nicheke. Nilicheka.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, alinipigia.

"Ndunge, huyu mama wa hapa kwetu amenipigia. Ameona kwa runinga moshi ya kiwanda. Anasema niende nitoe mazulia juu, yataharibika."

"Usiende."

"Amesema atanipigia kwa video aone kama nimetoa."

"Mueni, usiende."

"Ni dakika mbili tu."

Nilipanda ngazi mbio ili nimfukuze kwa macho.

Alikuwa na zulia moja begani.

King'ora hakikulia.

Meli moja ya wale marafiki wa mbali ilirusha kombora kulizuia la adui. Yalikutana angani, juu yetu. Vipande vikashuka.

Nilipoinua kichwa, nusu ya paa lao haikuwepo.

Aliniita mara mbili. Kichochoro kilikuwa na upana wa hatua tano hivi. Nilishuka, nikalivuta lango hadi vidole vikatoka damu. Nilipanda tena. Hakuniita tena.

Waokoaji walifika baada ya saa nzima, wakakata mnyororo wa kwao, kisha wangu. Mmoja alikuwa na daftari.

"Jina lake kamili?"

"Mueni. Anatoka Kenya."

"Pasipoti?"

"Iko kwa tajiri wake."

"Tajiri yuko wapi?"

Nikaonyesha upande wa daraja. Hakuandika kitu.

Jioni redio ilitangaza kwamba mashambulizi yamezuiwa, na kwamba hakuna raia aliyepoteza maisha. Nilielezwa baadaye kwamba hawakudanganya. Mueni hakuwa raia.

Mwili wake ulikaa huko miezi mitatu kwa kukosa karatasi. Mafuta, nilisikia, yalianza kusafirishwa tena kabla ya wiki kuisha.

Mimi nilirudi kwa hati ya muda ya ubalozi, na mwili ulipofika tulimzika Ekalakala. Mchungaji alisema ni mapenzi ya Mungu. Nikasimama bila kuitwa.

"Mungu hakufunga lile lango," nilisema. "Mungu hakupiga simu kuulizia mazulia."

Watu wakainamisha vichwa. Mama yake Mueni alinishika mkono.

"Keti, mwanangu," alisema taratibu. "Wamesikia."

Baada ya mazishi nilisaidia kuosha sufuria. Kalondu, mdogo wake Mueni, alikuja akachuchumaa kando yangu. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na mtoto mgongoni.

"Dada, yule ajenti aliyewapeleka kazi ng'ambo bado yuko Machakos mjini?"

Nilimweleza yote: mnyororo, maji, zulia, vidole vyangu, daftari, redio. Sikumficha chochote. Alisikiliza hadi mwisho, akisugua sufuria ileile.

"Lakini si wanasema vita imeisha?" aliuliza.

Miaka miwili sasa yuko kule, nyumba nyingine, mtaa mwingine. Mtoto analelewa na nyanya yake. Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani namtumia Kalondu ujumbe, na jembe silishiki mpaka anijibu.